Jambo Lenyewe Liko Chini ya Sahihi

Kijana akija kwangu na kuniambia "wasomaji wamesema", mimi humwuliza kwanza ni wasomaji gani. Kawaida hana jibu. Ana simu. Ananionyesha mistari mingi ya maneno, vipicha vya moto na nyuso zinazolia kwa kicheko, kisha ananitazama kama mtu aliyeleta mavuno nyumbani. Mimi nimestaafu. Nina migomba yangu hapa Mitunguu, na jirani anayefunga mfereji wa maji kila zamu yangu inapofika, kwa hiyo hasira ninazo za kutosha. Lakini mmeniomba niwaandikie nyinyi mnaoanza kazi ya kupokea maoni, basi nitaandika. Kubembeleza sijui.

Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa barua za wasomaji katika jarida la katuni mjini Meru. Shujaa wetu aliitwa Komeo. Kwa wale ambao hawakumjua, Komeo alikuwa mlinzi wa stoo ya kahawa, mzee mwembamba aliyevaa koti la gunia, na nguvu yake ilikuwa moja tu: mlango akiufunga yeye, hakuna aliyeweza kuufungua, awe mwizi, awe jini, awe mheshimiwa. Hakuruka angani wala hakutema moto. Wezi wa kahawa walikuja na malori, wakaja na vyeo, wakaja na barua zenye mihuri, naye akaegemea mlango akanywa uji wake. Watu walimpenda mno. Aliyemchora alikuwa M'Ikiara wa Kianjai, mtu mkimya, mwenye wino kwenye kucha hata akiwa kanisani.

Kazi nilifundishwa na Njeru, karani wa zamani kutoka Embu, aliyekuwa karibu kustaafu nilipoajiriwa. Barua ya kwanza kabisa aliyonipa niisome ilianza kwa salamu, ikafuata hofu na mashaka ni kwenu, ikafuata jarida lenu ni zuri, Mungu awabariki, wenu mtiifu, sahihi. Nikaitia kwenye faili la sifa, roho yangu kwatu. Njeru akaitoa, akaniwekea kidole pale chini. Baada ya sahihi palikuwa na mstari mdogo, umebanwa pembeni kama mtu anayetoka kwa aibu: N.B. huyo Komeo mbona hatujawahi kumwona akila chakula cha mke wake, wamekosana?

"Soma kutoka chini, Kagendo," Njeru akaniambia. "Watu wetu wana adabu. Hawawezi kuingia kwako na lawama mdomoni. Watasalimu, watasifu, wataaga. Jambo lenyewe liko chini ya sahihi."

Toleo lililofuata Komeo alikula githeri ya mke wake, na nawaambieni, hatujapata kupokea barua nyingi za furaha kuliko mwezi ule.

Mambo mengine niliyajua mwenyewe kwa kuumia. Usimwulize msomaji kama amependa hadithi, kwa sababu atakwambia ni sawa, na hiyo "ni sawa" haina maana yoyote toka hapa hadi Maua. Mwombe akusimulie hadithi yenyewe. Pale anapoanza kuruka mambo, anaposema "halafu halafu, sijui nini, wakapigana", ndipo mlipomchosha. Na usidharau barua yenye mafuta ya kupikia. Imeandikwa jikoni, mwandishi alikuwa na kazi nyingine, na bado akaona afadhali aandike.

Sasa nije kwenye aibu yangu, maana mtaisikia kwingine nikinyamaza.

Mwezi mmoja tulipokea barua hamsini na mbili kwa mpigo, zote kutoka upande wa Kianjai. Kawaida yetu ilikuwa barua nane, tisa. Zote zilikuwa safi, zimeandikwa kwa mpangilio, kichwa kimepigiwa mstari kwa rula. Zote zilitaka jambo moja: Komeo aache kazi ya ulinzi, ajiendeleze kielimu, awe mfano mwema kwa vijana. Nilisoma tano za kwanza. Zilizobaki nilizihesabu. Nikamwendea mhariri nikiwa nimezikumbatia, nikamwambia wasomaji wamesema. Maneno hayo hayo mnayoniambia nyinyi, ndiyo maana yananiwasha.

Wiki hiyo hiyo zilikuja barua nyingine tatu ambazo hazikufanana na kitu chochote. Nikaziweka kwenye faili la baadaye, lile ambalo baadaye yake haifiki.

Mhariri alifurahi. Akaamuru Komeo avuliwe gunia, avalishwe suti, apewe meza ofisini, awe anatoa nasaha. M'Ikiara alibisha siku moja tu, kwa sababu hakuwa mtu wa maneno. Aliniuliza mimi, mlangoni kwa mhariri, kama kweli watu ndivyo walivyotaka. Nikamjibu kwamba ni watu hamsini na wawili. Akainamisha kichwa, akaenda kuchora suti.

Toleo la suti lilipokwisha kupigwa chapa, nilianza kuzipanga zile barua ili nizihifadhi. Katikati ya rundo nikakuta moja yenye maandishi ya kalamu nyekundu kwenye kona. Saba kwa kumi. Chini yake: kumbuka kuandika anwani mbili. Nikaketi. Nikazisoma zote, moja baada ya nyingine, nikaona kile ambacho mtoto wa darasa la tano angekiona: sentensi zilezile, mpangilio uleule, hata hoja ya tatu ilikuwa ya tatu kwa kila mmoja. Lilikuwa zoezi la barua rasmi. Mwalimu alikuwa ameandika hoja ubaoni, darasa likanakili, naye kwa moyo wake mzuri akazitia posta badala ya kuzirudisha. Kwa zoezi la darasa moja tulikuwa tumemnyang'anya mzee koti lake.

Mngefanya nini? Mimi nilifunika kombe mwanaharamu apite. Barua ile yenye wino mwekundu niliichoma. Komeo wa suti hakufikisha mwaka, jarida likaacha kumchapisha, na M'Ikiara akarudi Kianjai kupaka rangi mabango ya hoteli na milango ya bucha. Kila nilipopita kwenye soko lile niliona fahali aliowachora wakinitazama kutoka kwenye milango, nikageuza uso.

Miaka ikapita, nikastaafu. Mwaka huu nikapigiwa simu na kijana aitwaye Murithi, mpwa wa yule mhariri wetu. Alirithi michoro ya zamani na jina la Komeo, akafungua ofisi Embu mjini, juu ya duka la dawa za mifugo, akamrudisha Komeo upya. Nilimwuliza kama alimtafuta M'Ikiara. Akasema hakujua kama bado yuko. Nyinyi vijana mna simu inayoweza kumpata mtu Uchina, lakini Kianjai imewashinda.

Komeo mpya ni msichana. Ni mjukuu wa yule mzee, na anachorwa na binti wa Embu aitwaye Wanja, aliyeacha kazi ya benki ili achore, jambo ambalo mama yake bado analisema kwenye maombi. Kazi yake ni nzuri. Nasema hivyo na mimi si mtu wa sifa. Ukurasa wa kwanza msichana anatoa koti la gunia kwenye msumari, na maneno yanasema tu: Babu alipofariki, koti lilibaki. Ukurasa wa pili tayari anafunga mlango usoni mwa mwizi.

Murithi aliniita kwa sababu maoni yalikuwa yamemchanganya. Alikuwa amepata meseji nyingi, na kama nilivyosema, hakujua za nani. Nusu ya watu walituma moto. Wengine walitukana mavazi ya msichana, na nilipouliza maswali mawili matatu nikagundua waliona jalada tu. Halafu kulikuwa na rundo moja la meseji zaidi ya thelathini, zote kutoka namba moja ya Kangeta. Kila moja ilianza kwa jina, ikasalimu, ikasifu, ikamaliza kwamba tunaomba mrudi nyuma mtueleze habari ya mzee.

Murithi akasema jambo liko wazi, watu wanamtaka mzee, hawamtaki msichana. Ijumaa angeamua. Kama maoni ni hayo, angemrudisha mzee kama zamani na kumshukuru Wanja kwa kazi yake, na sote tunajua kushukuriwa huko ni kwa namna gani. Wanja alikuwa ameketi palepale, penseli mkononi.

Nami nikatazama rundo la Kangeta nikacheka kwa uchungu. Namba moja, majina thelathini, salamu zilezile. Hili, nikawaambia, nimeliona. Hili ni zoezi. Nikalitupa lote. Nilijiona nimekomaa kweli, nimekombolewa na kosa langu la zamani. Ndivyo wazee tulivyo: tukiumwa na nyoka mara moja, tunapiga kila kamba.

Wanja akanifuata kwenye ngazi.

"Cucu," akaniita, kama watu wa kwao wanavyomwita nyanya, nami nikakunja uso. "Hao wa Kangeta ndio pekee wamesoma mpaka mwisho. Mmoja anauliza kuhusu kikombe cha mzee, na hicho kikombe kiko page ya mwisho, nyuma ya mlango, kidogo tu. Nani mwingine ameona hicho kikombe?"

Hakuna aliyekiona. Mimi mwenyewe sikuwa nimekiona. Nilisimama pale kwenye ngazi nikinusa dawa ya kupe nikajua kwamba nimehesabu tena badala ya kusoma.

Tukaipigia ile namba, kesho yake tukaenda Kangeta. Nyuma ya soko la miraa tukawakuta akina mama chini ya kibanda cha mabati, wanachambua miraa, wanafunga vibunda, wanavifungia majani ya migomba. Mkubwa wao aliitwa Karimi. Nakala ya Komeo walikuwa nayo moja tu, imechakaa, ina madoa. Mwenye macho mazuri husoma kwa sauti, wengine wakiendelea kufunga, kisha kila mmoja husema neno lake na mkaza mwana wa Karimi huliandika kwenye simu. Kila mmoja huanza kwa jina lake kwa sababu Karimi amewaambia neno lisilo na mwenyewe ni umbea. Ndiyo namba moja, majina thelathini. Hakukuwa na mwalimu wala ubao.

Nikawauliza wanaonaje hadithi. Ni sawa, wakasema. Msichana je? Ni mzuri sana. Wakatupa chai ya maziwa na mkate, wakamsifu Wanja hadi akaona haya. Wanja akachora mzee Komeo upesiupesi awaonyeshe kwamba anaweza kumrudisha. Wakauzungusha ule mchoro mkono kwa mkono, na mmoja akasema kwa upole kwamba huyu si yeye, huyu amekula vizuri.

Saa nzima sikupata kitu. Nikaaga. Karimi akainuka kutusindikiza barabarani, kama desturi, na tulipofika kwenye lami, mkono wangu ukiwa bado ndani ya mkono wake, ndipo jambo lenyewe likatoka.

"Sasa mama, nikuulize tu," akasema. "Yule mzee alikuwa na bibi. Alikuwa na majirani. Amelinda kahawa ya watu miaka yote hiyo. Tangazo hakuna, kamati ya mazishi hakuna, hata picha yake na maua hatujaona. Amekufa kwa mstari mmoja. Halafu mnatuletea msichana na koti. Sisi hatumkatai msichana. Lakini tutamsalimiaje kabla hatujampa pole?"

Wanja alikuwa ameshika mdomo. Hakuna aliyetaka mzee afufuliwe. Walitaka azikwe.

Murithi alipoambiwa alishika kichwa. Toleo zima la mazishi, bila ngumi hata moja? Nikamwuliza ni lini aliona mazishi ya hapa kwetu yasiyo na vita, kuanzia kamati hadi nani ashike maiki. Akafikiri, akakubali, kwa sharti moja: uso wa mzee uwe wenyewe, maana Kangeta walikuwa wamekwisha kutuonya. Usipokuwa wenyewe, hakuna mazishi, na Ijumaa ni ileile kwa Wanja. Wanja akajaribu mara saba. Kila mara mzee alitoka ameshiba.

Kuna mkono mmoja tu uliomjua yule mzee, na mimi ndiye niliyekuwa nimeufukuza.

Nilipanda kwenda Kianjai Alhamisi. Nilimkuta M'Ikiara nje ya bucha, mvi kichwani, anamaliza kupaka fahali kwenye mlango. Nikamsalimu. Akaitikia bila kugeuka. Nikamweleza habari za Wanja, za Kangeta na za mazishi yanayosubiri mkono wake, kisha nikaona nisipoyasema yale mengine sasa nitayapeleka kaburini, nikamwambia. Nikamwambia hamsini na mbili zilikuwa zoezi la darasa. Nikamwambia kuhusu saba kwa kumi, na kwamba niliichoma ile barua.

Alimaliza kupaka pembe moja yote, akauliza. "Na hizo tu ndizo zilikuja?"

"Zilikuja nyingine tatu."

"Zilisemaje?"

Nilikuwa nazo. Nilizichukua siku niliyostaafu na zimekaa kwenye sanduku langu pamoja na vyeti vya watoto. Nikazitoa kwenye mfuko wa plastiki nikampa. Alifuta mikono kwenye suruali, akazisoma pale juani, polepole, kutoka chini kwenda juu. Ya tatu ilikuwa ya mwanamke wa hapohapo Kianjai. Chini ya sahihi alikuwa ameandika: N.B. msimtoe huyo mzee kwenye mlango wa stoo. Baba yangu alikuwa mlinzi, na hakuna mtu mwingine amewahi kumchora.

"Miaka yote hii," M'Ikiara akasema, "nilijua watu walichoka na mkono wangu."

Nikamwomba msamaha. Hakunijibu, na sitawadanganya kwamba alinijibu baadaye. Alizikunja barua akazitia mfukoni mwa shati, akashika brashi, akaniacha nimesimama juani hadi fahali akapata mkia. Kisha akauliza bila kunitazama, "Mwenyekiti wa kamati ni nani?"

Alishuka Embu na basi la asubuhi. Waliketi meza moja yeye na Wanja, yeye anachora mzee kwenye picha yenye maua, kamati na majirani wanaobeba jeneza, Wanja anachora msichana. Murithi aliingia mara mbili, akatazama, akatoka, na habari ya kumshukuru Wanja haikusikika tena. Ukurasa wa mwisho ni mlango wa stoo, umefungwa, na msichana ameuegemea kwa mara ya kwanza akiwa na kile kikombe cha babu yake mkononi.

Toleo lilipotoka, nikaonyeshwa meseji kwenye simu ya Wanja. Safari hii ilikuwa moja tu, kutoka kwa Karimi kwa niaba ya wote. Ilisalimu. Ikasema mzee amezikwa vizuri, hata bibi yake amepewa kiti mbele. Ikasema sasa msichana aendelee na kazi, wako pamoja naye, Mungu awabariki, Karimi. Murithi akaipigia makofi. Mimi nikainyakua simu nikashuka chini ya jina.

N.B. Huyo aliyechora mzee ni yule wa zamani, tumemjua kwa mikono ya mzee. Mwambieni tulidhani na yeye alikufa. Halafu mwambieni mwenyekiti wa kamati amebaki na kofia wakati wa maombi, ajirekebishe.

Wanja alitaka kumpigia M'Ikiara simu. Nikamkatalia. Nikaketi kwenye meza ile, nikainakili meseji yote kwa mkono wangu, pamoja na habari ya kofia, nikaitia kwenye bahasha. Faili la baadaye nalijua vizuri, na sikulitafuta. Niliipeleka Kianjai kwa M'Ikiara siku hiyohiyo.